Sifuri ya Mzee Shemdoe

Kila asubuhi ya mtihani, kabla hajamsikiliza mwanafunzi hata mmoja, Mzee Yonasi Shemdoe alitakiwa kukaa dakika tatu na adui yake.

Adui hakuwepo mwenyewe. Ilikuwepo sauti yake, ikitoka kwenye spika ndogo iliyowekwa mezani, ikieleza namna ya kupanda miche ya michungwa. Chimba shimo la futi mbili. Udongo wa juu uweke kando, huo ndio wenye chakula. Mzee alikaa wima, kola ya kijivu imemkumbatia shingo, bangili imembana mkono wa kushoto, macho yake yameganda ukutani kwenye cheti chake cha heshima kilichofungiwa ndani ya fremu.

"Usitikisike babu, bado dakika moja," alisema Stumai Kaniki, fundi wa mizani wa kituo cha Korogwe, bila kuinua macho kutoka kwenye kishikwambi chake.

"Nimetikisika lini?"

"Nakukumbusha tu."

"Kamkumbushe mumeo."

Stumai alicheka. Alikuwa na umri wa binti yake wa mwisho, na kwa miaka minne ya kufanya kazi pamoja walikuwa wamezoea kutaniana hivyo kila asubuhi. Sauti ya spika ilimaliza kumwagilia mche wa mwisho, ikanyamaza. Kwenye kishikwambi mstari wa buluu ulichorwa kutoka ukingo hadi ukingo, una vilima na mabonde yake. Stumai akaugusa kwa kidole, ukahifadhiwa.

"Sifuri tayari," alisema. "Tuite watu."

Sifuri hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa kila kitu. Tangu mashine zilipoanza kuandika barua, ripoti, hukumu na hata mashairi ya harusi, hakuna mwajiri aliyetaka tena kujua kama mtu anaweza kuandika. Kilichobaki kwa binadamu ni kusimama mbele ya mwenzake, kusema, na kusikika. Muuguzi alipimwa hivyo, mwalimu hivyo, askari wa barabarani hivyo. Zamani za fomu walimu walikuwa wakitoa alama kumi za sauti, kumi za mpangilio, kumi za macho na mkao, na wazazi hawakuacha kunung'unika kwamba mtoto wa jirani kapendelewa. Ndipo ikaja kola. Kola haikuuliza maoni ya mtu. Ilisoma pumzi, mapigo ya moyo, na ule msogeo mdogo wa koo ambao msikilizaji hujikuta akiufanya pamoja na msemaji bila kujijua. Kisha ikalinganisha na sifuri, yaani hali ya mwili wa mtu yule yule anaposikia jambo lisilomgusa. Kadiri msemaji alivyomhamisha msikilizaji mbali na sifuri, ndivyo alama zilivyopanda.

Msikilizaji huyo mwenye leseni aliitwa Sikio. Kila wilaya ilikuwa na Sikio mmoja. Wa Korogwe alikuwa Mzee Shemdoe, mwaka wa kumi na moja sasa, na ilikuwa imebaki miezi miwili astaafu.

Hotuba ya michungwa ilichaguliwa kwa sababu watu mia nne waliwekewa waisikilize na hakuna aliyeguswa nayo. Hilo Mzee alilijua. Alijua pia kwamba kwenye fomu ya leseni kulikuwa na swali la tisa: Je, unamfahamu msemaji wa sifuri? Alikuwa ameandika Hapana, kwa mwandiko wake mzuri wa masomo ya jioni.

* * *

Msemaji wa sifuri aliitwa Abednego Mntangi, na Mzee Shemdoe alimfahamu kama anavyofahamu kidonda chake mwenyewe.

Walikuwa wameketi benchi moja kwenye masomo ya jioni ya shamba la mkonge la Hale, watu wazima wawili wenye mikono iliyochubuka. Shemdoe alikuwa akilisha majani kwenye korona, ile mashine ya kuchana mkonge, na alikuwa na kiu ya elimu isiyo na mfano. Alinunua kamusi kabla hajanunua baiskeli. Mwaka tume ya mishahara ilipokuja, wafanyakazi walitaka mtu mmoja wa kuwasemea, na mwalimu wao akaandaa shindano. Shemdoe aliandika hotuba yake akaifanyia mazoezi siku arobaini kando ya korona, pale ambapo kelele ilimruhusu kupaza sauti bila mtu kumsikia. Siku ya siku aliisema yote, haikupotea nukta. Watu walimpigia makofi ya heshima.

Halafu akaja Mntangi, amechelewa, shati limejaa vumbi la singa za mkonge, mikono mitupu. Akasimama akasema kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Kufikia mwisho wanaume walikuwa wanafuta macho, na mwalimu alisahau kuandika alama.

Shemdoe naye alipiga makofi. Alipiga mpaka viganja vikamuuma, ili asipatikane wa kusema kwamba hakupiga.

Baadaye Mntangi alikuwa bwana shamba, na maelekezo yake ya michungwa, aliyorekodiwa kwa ajili ya wakulima, ndiyo yaliyofanywa sifuri. Alikuwa amezikwa Magoma miaka sita iliyopita. Mzee alihudhuria, akakaa mstari wa mbele, na moyoni akawapa alama wote waliotoa salamu za rambirambi. Hakuna aliyefika hamsini. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya mtihani, na marehemu alikuwepo mezani kama kawaida, anachimba shimo la futi mbili.

* * *

Mtahiniwa wa saba siku hiyo alikuwa msichana mrefu, mwembamba, mwenye viatu vya kuazima vilivyompwaya. Stumai alisoma jina: Nakijwa Mshana, wa Makuyuni, anaomba nafasi ya ukunga chuo cha Tanga. Alama za kuingilia hamsini. Mtihani haukurudiwa mpaka ipite miaka mitano.

Nakijwa alisimama ndani ya duara jeupe lililochorwa sakafuni, akamtazama Mzee.

"Shikamoo babu."

Kila mtahiniwa alikuwa ameambiwa kwamba Sikio akishavaa kola hasemi na mtahiniwa, haitiki, wala hatikisi kichwa. Wengine wote walikuwa wamepita bila kumsalimu. Msichana huyu aliangusha salamu yake mbele ya mzee wa miaka sabini na mbili, na mzee akaiacha ilale pale pale. Ilimkera. Alijiambia kwamba kilichomkera ni ukaidi wake.

"Mada yako," Stumai alisoma kikaratasi, "ni kazi ya mtu unayemjua. Una dakika nane."

Msichana hakuanza. Alingoja hadi feni ikazunguka mara mbili.

"Shangazi yangu hufunga geti la reli," alisema. "Siku hizi treni inapita mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki watu wa Makuyuni wanamtukana shangazi yangu."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Nakijwa hakucheka naye, alimwachia nafasi amalize.

Mzee alianza kuhesabu makosa. Miguu imekaribiana mno. Mkono wa kushoto umeshika mshono wa sketi. "Kwa hiyo" moja. Alikuwa amejifunza kwenye vitabu vinne kwamba msemaji asiegemee "kwa hiyo".

"Kuna aliyekuwa anapeleka kuku sokoni. Kuna aliyekuwa anawahi msiba. Wote wamesimama juani wanamtazama mwanamke mmoja aliyeshika chuma, na treni bado haionekani. Wanamwambia, mama, treni yako iko wapi? Shangazi hajibu. Kwa miaka kumi na tisa hajawahi kujibu."

"Kwa hiyo" mbili hakuipata. Aliisubiri kwa hamu, haikuja. Badala yake msichana alinyoosha mkono wa kulia, akashusha chuma kisichokuwepo, polepole, mpaka kikafika chini, na watu wote ukumbini wakakiona kimefika chini. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hakuna mtu amewahi kumshukuru kwa treni ambayo haikumgonga."

Kitu kilimkaza Mzee Shemdoe chini ya mbavu. Alikifahamu. Alimwona msichana ana miaka kumi na tisa, hana kitabu hata kimoja cha adabu za kusema, na anafanya bila kutafuta kile alichokitafuta yeye siku arobaini kando ya korona. Nani alikupa, aliwaza. Nani alikupa wewe, akaninyima mimi.

Stumai aliuliza swali la lazima. "Kazi hiyo ikifanywa na mashine, kutaharibika nini?"

"Hakuna kitakachoharibika," alisema Nakijwa. "Ila watu watakosa wa kumlaumu. Na mtu akikosa wa kumlaumu hurudi nyumbani na hasira yake."

Kola ilitoa mlio wake mfupi. Namba ikajiandika kwenye kishikwambi.

Thelathini na moja.

* * *

Kwanza Mzee alifurahi. Furaha tamu ilimjaa ghafla, kama ya mtu aliyeona gari la jirani limekwama matopeni. Thelathini na moja. Basi si kitu. Basi ni maneno tu.

Halafu furaha yenyewe ikamtisha.

"Babu," Stumai alinong'ona, amefunika kipaza sauti kwa kiganja. "Mimi vinyweleo vimenisimama. Hii namba imetoka wapi?"

Mzee alivuta pumzi. Kanuni ilimruhusu Sikio kuomba kusikiliza upya mara moja tu, kwa ajili ya ugonjwa.

"Tumbo," alisema. "Tumbo limenisumbua tangu asubuhi. Arudie."

"Ulikula nini?"

"Ndizi za mumeo."

"Mume wangu hapiki, babu."

"Basi ndizi za mwingine. Andika tumbo."

Akaenda nje akanawa uso, akarudi, akajiandaa kama anavyojiandaa mtu kwenda kuomba radhi. Safari hii nitampenda, alijiambia. Nitamsikiliza kama mjukuu. Nakijwa alipewa mada nyingine, jambo alilojifunza kwa kukosea, akasimulia jinsi alivyomsimanga mama yake kwa kumpikia makande kila siku, mpaka alipopewa yeye apange matumizi ya wiki. Alikuwa mzuri kuliko mwanzo. Alikuwa ameshaizoea sauti yake ndani ya ukumbi ule, na sasa alimtazama Mzee tu, kama vile wengine hawapo. Mzee alijilazimisha kutabasamu moyoni. Chini ya mbavu kile kitu kilijikaza mara mbili.

Ishirini na saba.

Stumai alimwomba msichana akangojee kwenye benchi la nyuma, akawaambia watahiniwa wengine watoke wakanywe chai, akavuta kiti karibu na cha Mzee.

"Sijapiga muhuri," alisema. "Kwanza tazama hapa. Huu mwekundu ni wa huyu binti. Huu wa buluu ni sifuri yako ya leo."

Akasukuma mstari mmoja juu ya mwingine kwa kidole. Vilima viliingia kwenye vilima, mabonde yakaingia kwenye mabonde. Ilibaki rangi ya zambarau tu.

"Vimelaliana," alisema Stumai. "Mwili wako ukimsikia huyu msichana unafanya kile kile unachofanya ukisikia michungwa. Kola inasema hukuhama. Na kweli hukuhama." Akashusha sauti. "Babu, tangu nije hapa huwa najiuliza kwa nini sifuri yako ina vilima. Za wenzako wa Lushoto na Handeni zimelala kama maji kwenye beseni. Nilidhani ni uzee."

"Ni uzee."

"Unaposikia michungwa, unasikia nini?"

Mambo yalikuwa yanajipanga kichwani mwa Mzee bila ruhusa yake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akianza kila siku ya mtihani akiwa amekabwa, na kola ilikuwa imefundishwa kwamba kukabwa huko ndiko kutoguswa. Aliyekuja kusema maneno makavu alimpumzisha, akamtoa kwenye wivu, na kola ikaandika kwamba amehama. Sitini. Sabini. Aliyekuja na kipaji cha kweli alimrudisha pale pale alipo Mntangi. Aliinua macho akaona cheti ukutani: Kituo Kinachoongoza kwa Ufaulu. Korogwe ilikuwa imefaulisha wababaishaji kwa mamia, na mkuu wa wilaya alikuwa amemvisha skafu.

"Mwaka juzi," Stumai aliendelea taratibu, "kulikuwa na kijana wa Mombo. Unamkumbuka? Alisimulia mazishi ya punda. Watu walilia humu ndani. Ukampa ishirini na tisa."

"Namkumbuka."

"Nilisema moyoni, huyu mzee ni mgumu, lakini anajua kazi. Siku hizi yule kijana anapakia kokoto."

* * *

Njia zilikuwa mbili na Mzee Shemdoe alizitazama zote kwa macho makavu.

Angeweza kuinua kidole, Stumai akapiga muhuri, na ishirini na saba ikawa ishirini na saba. Miezi miwili baadaye angepewa saa ya ukutani na hotuba za kumuaga. Msichana angerudi Makuyuni kumsaidia shangazi yake kushusha chuma. Wakunga wangepatikana wengine.

Au angetamka neno ambalo kanuni iliweka kwa ajili ya Sikio aliyeharibika: nimechafuka. Lakini neno hilo halikuruhusiwa kwenda peke yake. Aliyelitamka alitakiwa kueleza sababu kwa mdomo, amesimama, na maelezo yakarekodiwa. Sababu yake ingeelekea moja kwa moja kwenye swali la tisa, na kutoka hapo kwenye kila jina alilolipima. Leseni ingekwenda. Cheti kingekwenda. Na mtu aliyejifundisha mwenyewe kutoka korona mpaka kiti hiki angeonekana wilaya nzima kuwa alidanganya kwenye fomu, tena si kwa njaa, kwa wivu.

Alimtazama Nakijwa kule nyuma. Alikuwa amevua viatu vya kuazima, ameviweka sambamba chini ya benchi, anakanda vidole vya miguu. Hata kukaa kwake kulikuwa na kitu. Mzee alimwonea wivu hata hapo, na kwa mara ya kwanza aliutazama wivu wenyewe badala ya kutazama makosa ya mtu.

Katika maisha yake yote hakuna alichokitambua haraka kama mtu anayemzidi. Stumai aliona kwenye mistari, watu waliona kwa machozi, yeye alijua tangu feni ilipozunguka mara mbili. Sikio alikuwa nalo. Alichokosa ni kukubali lilichosikia.

Akafungua kola. Ilimwachia alama nyekundu shingoni.

"Nimechafuka," alisema.

Stumai alisogeza kidole kwenye kitufe. "Una hakika, babu? Nikishabonyeza sitaweza kurudisha."

"Bonyeza."

Alibonyeza. Kisha, kwa kuwa kanuni ni kanuni, akasimama akaonyesha duara jeupe. "Maelezo hutolewa pale. Una dakika nane. Lazima awepo shahidi." Akageuka. "Nakijwa, njoo ukae hapa mbele, mdogo wangu. Huhitaji kuvaa viatu."

Msichana alikuja miguu mitupu, akakaa kwenye kiti kilichokuwa cha Sikio, kwa kuwa hakikuwepo kingine karibu. Mzee Shemdoe alitembea hatua nne mpaka kwenye duara. Hakuwa amewahi kulikanyaga. Miguu yake ilikaribiana mno na mkono wake wa kushoto ukashika mshono wa suruali. Karatasi hakuwa nayo. Taa nyekundu ya kurekodi iliwaka.

Jambo la kwanza alimtazama msichana.

"Marahaba," alisema.

Nakijwa aliinamisha kichwa kidogo. Mzee alingoja. Feni ilizunguka mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Mtu anayeeleza michungwa anaitwa Abednego Mntangi," alisema. "Tulisoma pamoja Hale. Kwenye fomu niliandika kwamba simfahamu. Nilikuwa na siku arobaini, yeye alikuja na vumbi kwenye shati, akanishinda, na sikuwahi kumwambia. Nimezikwa naye kila asubuhi miaka kumi na moja humu ndani. Kila aliyesema kama yeye ameanguka hapa, na nilimwangusha mimi. Wako kwenye vitabu vyenu, watafuteni walio chini ya thelathini na tano, muwaite. Anzeni na wa Mombo. Huyu apelekwe kwa Sikio wa Lushoto wiki hii, kabla chuo hakijafunga orodha. Nimemaliza."

Hakuna aliyepiga makofi. Stumai alifuta pua kwa mgongo wa mkono, akatazama kishikwambi, kwa sababu maelezo nayo yalikuwa na maswali yake ya lazima.

"Swali la kwanza. Huyo Mntangi alikukosea nini?"

"Alinizidi."

"La pili. Na mtahiniwa huyu?"

Mzee alimtazama Nakijwa, vidole vyake vya miguu vilivyochubuka, shingo yake ndefu, midomo iliyokuwa imefunguka kidogo. Koo la msichana lilikuwa linasogea, kidogo sana, kama la mtu anayesema pamoja na msemaji bila kujijua. Mzee alikuwa ameisoma dalili hiyo kwenye vitabu kwa miaka mingi. Hakuwahi kuiona kwenye koo la mtu kwa ajili yake.

"Naye ananizidi," alisema.

Taa nyekundu ilizimika. Mzee alitoka ndani ya duara, akaichukua fremu ya cheti ukutani, akaibana kwapani kama mtu anayerudisha kitu cha kukodi. Mlangoni akasimama.

"Stumai. Nimetumia dakika ngapi?"

Stumai alitazama. "Moja na sekunde kumi na mbili, babu."

Mzee Shemdoe alitikisa kichwa, akajinyoosha mgongo.

"Mntangi angehitaji mbili," alisema, akatoka nje.